Mgonjwa Ni Nani?

Tangu harusi, mama mkwe alikuwa akiomba kwa sauti ya kuvuka ukuta: "Ee Mungu, mponye mkwe wangu, mgonjwa huyu, nipate mjukuu." Mshonaji, mke wa mwanawe, aliitikia amina huku anakanyaga cherehani.

Sasa daktari amesema mishipa ya chini ya mume ndiyo iliyovimba. Apasuliwe. Bima ya kazini isipolipa, hakuna upasuaji, na mtoto wamsahau. Lakini mume, makanika mwenye mabega ya kubebea injini, aligoma kwenda kujieleza. "Mama akijua, uso nitauweka wapi?"

Mkewe hakubishana. Alimwambia aje kutia saini tu. Kwa mama mkwe akapita mlango mwingine: "Mama, twende ofisi ya bima ukanisemee."

Dirishani, watatu wote wakiwa wamesimama, karani alisema, "Tunalipia ugonjwa. Kutafuta mtoto si ugonjwa."

"Si ugonjwa?" Mama mkwe alikuja juu, akimwonyesha mkwewe kwa kidole. "Mwanangu, huyu mgonjwa nimemwombea mpaka magoti yameota sugu!"

Karani akasoma barua ya daktari. "Mbona mgonjwa hapa ni mwanaume? Mishipa imevimba. Hiyo tunalipia, ila athibitishe mwenyewe."

Makanika alikodolea macho viatu vyake. Mama mkwe akamgeukia mkwewe. Mkwewe akatazama dari.

"Mjanja wewe," mama alinong'ona.

"Si nilikuomba unisemee, mama?"

Mama akashusha pumzi, akamsukuma mwanawe. "Sema basi! Unataka nife sijapakata mjukuu?"

"Mimi ndiye mgonjwa," makanika alisema, sauti ya kifaranga.

"Pole!" foleni nzima ikaitikia.

"Tangu lini?" karani aliuliza.

"Tangu kuzaliwa!" mama akadakia. "Ni upande wa baba yake, ukoo ule wote..."

Karani akaweka kalamu chini. "Ugonjwa wa kuzaliwa nao hatulipii."

Mama mkwe akasema polepole, "Futa hilo, mwanangu. Ulimi umeniponyoka. Muulize mkewe. Yeye ndiye aliyekwenda kwa daktari."

"Umeanza mwaka jana," mshonaji alisema. "Daktari ameandika ukurasa wa nyuma."

Karani akageuza, akasoma, akagonga muhuri.

Mama mkwe akamshika mwanawe mkono. "Twende. Na utembee taratibu, usije ukapona kabla hawajalipa."