Kitufe Kwenye Ishirini na Tano

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mwashi. Mimi kazi yangu ni kusikiliza popo, na kwake hilo ni kichekesho kisichochuja. Kila tukikutana lazima aulize, "Shem, popo wamesemaje leo?"

Safari hii tulipewa kazi pamoja: kuwahamisha popo kwenye dari ya maktaba ya chuo, maana kinyesi chao kilishaharibu rafu nzima ya vitabu. Wakitoka jioni kutafuta wadudu, mimi nihakikishe hakuna aliyebaki, yeye azibe tundu.

Sauti ya popo ni nyembamba mno kwa sikio la mtu, kwa hiyo nina kidude mfano wa redio ndogo. Unazungusha kitufe hadi kwenye namba, nacho kinasikia sauti za namba hiyo tu. Popo wale wakiwa angani huita kwa sauti ndefu, nzito kwa kipimo chao, kwenye namba ishirini na tano. Nilikuwa nimekaa nje siku tatu nikiwasikiliza, kitufe kikiwa hapo hapo.

Ijumaa jioni walitoka. Nikapanda ngazi, nikasogeza kidude tunduni. Kimya.

"Vipi?" akauliza shemeji.

"Hamna kitu. Ziba."

Nikasaini karatasi ya mkuu wa maktaba. Shemeji akaziba kwa saruji, akapakia ngazi na vifaa vyake, akaondoka kwenda kazi nyingine, mbali.

Kesho yake alfajiri nilirudi kuchukua sweta niliyoisahau. Popo walikuwa wanazunguka pale pale. Nikawasha kidude: ta, ta, ta-ta, trrr. Popo akikaribia anapotua huharakisha mlio, na hawa waliharakisha kama kawaida yao, halafu wakakuta ukuta. Wakarudi nyuma, wakajaribu sauti fupi zaidi, kali zaidi, hata ikabidi nipandishe kitufe kuwafuata. Saruji ikawajibu vile vile.

Hapo nikaona kosa langu. Popo akiwa mahali finyu hupunguza sauti, huifupisha na kuipandisha, maana akiita kama yuko angani mwangwi utamrudia kabla hajamaliza. Jambo hilo nimelifundisha mwenyewe, kwa majigambo, ubaoni. Nikakimbia hadi baraza ya juu, ambako zege la dari lina ufa mwembamba, nikapandisha kitufe hadi hamsini.

Walikuwamo. Mama waliobaki kunyonyesha, na watoto wao, wananong'ona.

Nilimpigia shemeji. Siku hiyo hakutania. "Shem, gari ni la tajiri, siwezi kurudi kabla ya Jumatatu. Si ulisema hamna kitu?"

Nikampigia mkuu wa maktaba. "Dada, sahihi hii ni ya nani?" akasema. "Nani atagusa zege langu bila fundi?"

Mlinzi alinihurumia, akaniazima kisu chake. Tundu lilikuwa juu mno bila ngazi, nikachokonoa ule ufa wa barazani hadi ncha ikavunjika na vidole vikatoka damu. Hata tundu la kupitisha kalamu halikupatikana. "Basi, dada," akaniambia, "utajiumiza bure."

Jumamosi bati la paa liliwaka jua mchana kutwa. Nilikaa barazani na kidude sikioni, kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine. Walikuwa wakiita kwa haraka, na kila nikipandisha kitufe niliwakuta. Jumapili ikabidi ningoje kusikia mlio mmoja. Nililia mbele ya mlinzi bila aibu.

Jumatatu asubuhi shemeji alifika na nyundo, hata chai hajanywa. Akasimika ngazi, akapanda, akainua mkono. Kisha akasita, akanitazama kule chini.

"Wamesemaje, shem?" akauliza, taratibu.

Nikazungusha kitufe kutoka namba ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, polepole, kisha nikarudia. Kimya. Safari hii sikukosea.