Nukta Zisizoonekana

Nilikisikia kikohozi kabla sijainua pazia la mlango: kikavu, kifupi, kama kijiti kinachovunjwa. Nikajua ni cha dada yangu, Nasambu. Lakini nilipoingia, Nasambu alikuwa kimya, anakunja nguo za safari. Aliyekohoa ni Bridgit, bintiye wa miaka minne, kwenye kitanda wanacholalia wawili.

"Karibu Kibera, profesa," Nasambu alinitania. Shingo yake ilikuwa imebaki mishipa tu. "Umeleta maziwa ama ni maringo pekee?"

"Bridgit ameanza kukohoa lini?"

"Ni vumbi. Jana nilimpeleka kliniki yenu, Kawangware. Nesi akauliza kama kuna mtu nyumbani ana kifua kikuu. Akafungua picha yangu kwa kompyuta: mapafu safi. Tukapewa dawa ya maji."

Neno hilo, safi, lilikuwa kazi ya mikono yangu.

Miezi mitatu nyuma, wakala wa kazi za Uarabuni alimdai Nasambu picha ya kifua. Mimi ndiye mpiga picha za eksrei wa kliniki. Mashine ndiyo husoma. Iliposoma ya Nasambu iliandika: kifua kikuu. Alilia. Nami, niliyejifunza kompyuta bila mwalimu, nikiamini hakuna mlango usionifungukia, nilimwambia aniachie. Nikanyunyiza nukta hafifu juu ya picha, kama chumvi iliyoyeyuka majini: jicho halizioni kabisa, lakini mashine huzisoma na kupotea. Nikaipa mashine picha hiyo iisome upya. Safi, ikasema, bila kusita. Dawa, tulikubaliana, angeanza akishapata kazi. Jioni ile nilikatiza stendi ya matatu ya 56 kifua mbele, kama niliyemwangusha mfalme.

Na doa la ugonjwa bado limo pichani. Daktari yeyote angeliona kwa kutupa jicho mara moja. Lakini nani hutazama siku hizi? Mashine husoma, watu husaini.

"Nasambu, lazima tuseme."

"Tuseme nini? Ndege ni Ijumaa, Wangila. Unataka kuniharibia sasa?" Aliketi, akitafuta pumzi. "Na wewe watakufunga. Si uliringa hapa ati hiyo mashine ni ng'ombe, inaenda unakoivuta?"

"Niliringa."

"Basi ivute imponye Bridgit."

Hakucheka. Alinikazia macho kama anayesubiri jibu kweli, kisha akakitupa kitambaa alichokuwa akikunja na kuuficha uso. 

Nikapiga magoti, nikaushika mkono wake. Ulikuwa unawaka homa.

"Leo ni Jumapili. Kesho, kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa, nitamkalisha Daktari Kavindu wa kliniki yetu mbele ya picha yako, aitazame kwa macho yake mwenyewe. Akiuliza nani aliidanganya mashine, dada, nitamtajia jina langu lote."