Nakshi Thelathini na Moja

Asiyejua kofia za vito, zile nyeupe zinazotobolewa tundu na kushonwa, hudhani kazi iko kwenye sindano. Msameheni. Sindano ni mikono tu, na mikono Mji wa Kale haijapata kuadimika. Kazi iko kwa yule anayeiona kofia kabla haijawa kofia. Huchora nakshi kwenye karatasi, akaitoboa tundu tundu kwa pini, akailaza juu ya bafta na kuipangusa kwa kitambaa chenye buluu ya kufulia, mpaka nakshi ikashuka kwenye nguo na mshonaji akajua pa kupita. Mchoraji wa namna hiyo alikuwa Bi Mejumaa. Nakshi zake zilikuwa thelathini na moja, kila moja na jina lake, na alizionea wivu kuliko alivyomwonea marehemu mumewe. Karatasi ikichakaa hakuitupa, aliichoma, asije mtu akaiokota jaani akajifanya mchoraji. Ndiyo desturi ya wachoraji wa kofia.

Balaa ililetwa na mpangaji wake wa ghorofani. Jina lake Dama, binti wa Kigiriama, mwandishi wa programu za kompyuta katika kampuni moja ya malori kule Shimanzi. Aliileta kwa nia njema, lakini balaa ni balaa.

"Mama, karatasi zako zinaliwa na mende," alimwambia, mwaka wa tisini na tatu huo. "Nitakutilia nakshi zote kwenye kompyuta. Ukitaka moja, naitoa kwenye karatasi mpya, unatoboa, kwisha."

"Na hiyo kompyuta yako haina mende?" Bi Mejumaa aliuliza.

Dama alicheka. Angejua, asingecheka.

Mwandishi wa programu hachongi kila kitu mwenyewe. Hutafuta zana zilizokwisha kutengenezwa na wengine, za kuchora mistari, rangi na vitufe kwenye kioo, na juu ya zana hizo huisimamisha programu yake. Dama alichagua zilizopendeza kuliko zote, za kampuni moja ya Ulaya, zikiitwa Zumaridi. Vitufe vyake vilikuwa na vivuli, ukivibonyeza vinadidimia. Nakshi ziliwekwa kwa namna ya Zumaridi, ambayo haikusomwa na kitu kingine duniani ila Zumaridi yenyewe. Dama hakuuliza kwa nini. Nakshi ya mwisho ilipoingia, Bi Mejumaa aliteremka uani na kasha lake la karatasi, akazichoma zote, na hata zile alizotolewa baadaye alizichoma kila zilipokwisha kazi. Zimo ndani ya kompyuta, aziweke za nini, wezi wazione?

Mwaka wa tisini na sita ofisi ya Shimanzi ilibadilisha kompyuta zote, za zamani zikauzwa. Dama alitia diski zake kwenye mashine mpya. Zumaridi ikakataa kufunguka. Alijaribu wiki nzima, akaandika barua Ulaya, na barua ikarudi na muhuri kwamba kampuni hiyo haipo tena pale. Maji yakimwagika hayazoleki. Na mwezi huohuo daktari akamwambia Bi Mejumaa ana presha ya macho: kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki ni cha miezi.

Dama alikwenda kumwambia mwenyewe, asisikie kwa mtu. Alipiga hodi, akaamkia, akakaa chini kwenye mkeka, akasema yote bila kujitetea.

"Nimezichoma kwa mkono wangu huu," Bi Mejumaa alisema. "Wallahi, kwa mkono wangu, kwa neno lako."

Siku tatu hakuitikia hodi yake. Maskini Dama, alipanda ngazi na viatu mkononi, akiona aibu hata ya nyayo zake. Siku ya nne aliitwa.

"Ndoo hapa, ukae. Nakshi bado zimo kichwani, lakini mato haya yamebakisha kidogo. Nitakuchorea mara moja tu, mara nyingine haipo. Basi nenda ukachague kitu kitakachonizika mimi, si kitu nitakachokizika."

Ronald wa ofisini, kijana wa bara mwenye moyo safi na haraka nyingi, alisikia kisa hicho akaleta zana mpya kutoka Nairobi. Lo! Kofia ilizunguka kwenye kioo. Ukiivuta kwa mausi inageuka, unaiona ubavuni, unaiona utosini, na kivuli chake kinaifuata. Ilikuwa nzuri, tusidanganyane, na Dama aliitamani. Kipya kinyemi, kingawa kidonda.

"Na wenye zana hizi wakifunga kampuni?" aliuliza.

"Hawafungi hawa, ni wakubwa."

"Hata wale walikuwa wakubwa, Ronald."

"Dada, mchagua jembe si mkulima. Chagua ufanye kazi."

Alikuwa na haki, maana majuma mawili yalikwisha pita katika kuchagua, na kila siku iliyopita iliondoka na chembe ya nuru ya mtu mwingine. Dama alilijua hilo na lilimnyima raha ya chakula.

Alasiri moja alikuwa akipandisha ndoo ya maji aliposikia kelele chini ya dirisha la Bi Mejumaa. Alikuwa Kache, mshonaji wa nyumba ya pili, na kofia mkononi.

"Bi Mejumaa! Buluu imefutika, sioni pa kwenda!"

Bi Mejumaa hakuinuka, wala hakutaka kuiona kofia. "Nakshi gani?"

"Mke Mwenza."

"Umefika wapi?"

"Pembe ya pili."

"Toboa tatu. Ruka moja. Panda kushoto tundu mbili, kisha rudi ulikotoka. Na ukae kivulini, jua ndilo limekufutia, si mashetani."

Kache alikwenda zake anarudia maneno hayo kwa midomo. Dama aliitua ndoo palepale kwenye ngazi. Miaka mitatu ameishi nyumba hii, ameyasikia maneno hayo mara mia, na hakuyasikia! Nakshi haikuwa picha. Picha ilikuwa nguo tu ya nakshi, na yeye mara ya kwanza alihifadhi nguo akamwacha mtu.

Akachagua jioni ileile. Nakshi zitawekwa kwa maneno ya Bi Mejumaa mwenyewe, toboa, ruka, panda, rudi, katika maandishi ya kawaida yanayosomwa na mashine yoyote, na mtu yeyote mwenye macho. Kuchora atatumia mstari na duara, vitu ambavyo hakuna kompyuta isiyokuwa navyo. Na kila amri ya kuchora ataifungia katika ukurasa mmoja wa programu, peke yake, ili mashine zikibadilika abadilishe ukurasa huo tu, nakshi zisiguswe. Ukivuta tundu kwa mausi, neno linabadilika. Ukibadilisha neno, tundu linasogea.

Ronald aliitazama akakuna kichwa. "Na rangi je?"

"Kofia ni nyeupe, Ronald."

Wakaanza, kila alasiri Dama akirudi kazini, kwa kompyuta ya ofisi aliyoruhusiwa kuja nayo. Bi Mejumaa alikaa pua inagusa kioo, akivuta tundu mwenyewe na kuitukana mausi, kwamba haina adabu, ukiipeleka kulia inakwenda kwao. Nakshi ya kwanza, ya tano, ya kumi na nane. Walicheka sana siku zile, kuliko walivyotarajia. Katikati ya nakshi ya ishirini na nne mkono wake ukasimama.

"Dama, umezima?"

Dama alitazama kioo. Kilikuwa kinawaka, cheupe, na nakshi imejaa tele.

"Hapana, mama."

Bi Mejumaa aliiachia mausi, akaipapasa meza mpaka ukingoni, akarudisha mikono mapajani. Dama alilia bila sauti, na mwenzake akamwachia alie.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza baadaye.

"Saba, na hii."

"Basi andika, mimi nasema."

Akasema. Dama aliandika, akamsomea, na Bi Mejumaa akafuata kwa kidole juu ya kipande cha bafta kilicholazwa gotini. "Hapana, hapo tundu nne. Ukitia tatu, mwenye kofia ataonekana amelala nayo." Zikatimia zote thelathini na moja. Kwa zana za Ronald, zilizotaka jicho, zingekomea ishirini na tatu.

Mwaka wa tisini na tisa Shimanzi wakabadilisha kompyuta tena. Dama alitia diski. Kioo kikaja kitupu. Alikaa, akaufungua ule ukurasa mmoja wa kuchora, akauandika upya kwa siku mbili, maneno ya nakshi hakuyagusa. Alasiri ya siku ya pili alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mejumaa, hata mkoba hakuutua.

"Zimefunguka, mama."

"Zote?"

"Zote thelathini na moja. Nikusomee?"

Alimsomea Mke Mwenza kutoka kwenye karatasi aliyoitoa mkobani, na kidole kikatembea gotini mpaka mwisho bila kusita.

"Yatosha, hizo nazijua," Bi Mejumaa alisema. Akajiweka sawa kwenye kiti. "Kalamu unayo? Kuna moja inanisumbua tangu mfungo mosi. Ya thelathini na mbili. Toboa tano, ruka moja."

Dama aligeuza karatasi akaanza kuandika upande wa pili, machozi yanamtoka, akakosea, akafuta.

"Polepole, mwanangu," Bi Mejumaa alisema. "Hii haijapata kuchorwa, sina karatasi ya kuchoma."