Kigingi Changu Mdomoni mwa Mfereji

Asubuhi ile niliibuka majini na kome kumi na mmoja, wote magamba wazi. Kome mzima ukimgonga hujifunga. Hawa niliwagonga mpaka kidole kikauma, wapi! Nikalia, tena mbele za watu, na asiyependa azibe masikio.

Kosa langu nalijua. Shamba la mpunga lilipochimba mfereji na maji ya mbolea yakaanza kuingia mto Volta, mto ukawa kijani na kome wakanenepa. Nilivyojidai! Nikahamishia kome wangu wachanga karibu wote kando ya mfereji, nikawacheka wenzangu. Kisha zikaja dawa za magugu. Likaja na tope, maana walilima mpaka ukingoni, likawafukia kome wangu. Nilibakiwa na beseni moja tu la walio hai, alilonitunzia dada yangu Akorfa upande wa juu wa mto, na siku hiyo aliniletea kwa mtumbwi. Mbegu nyingine sina.

Tukiwa hapo, Bwana Hotor, msimamizi wa shamba, akafika na katapila kuupanua mfereji.

"Kome mmewamaliza wenyewe kwa tamaa," akasema. "Maji yangu ni safi."

"Safi? Bibi yangu kazamia hapa, mama yangu kazamia hapa. Mto haukunuka mpaka ulipokuja na madumu yako ya dawa!"

"Mama, tupishe. Hapa hapana mwenyewe."

Hapana mwenyewe! Kwetu mwanamke akishapanda kome na kusimika kigingi chake, pale ni pake. Hata mumewe hapitishi pondo la mtumbwi juu yake. Nikalibeba beseni.

"Enyonam, una wazimu?" Akorfa akanishika mkono. "Watakufa wote!"

"Wakifa, wafe wakiwa na mwenyewe. Niachie."

Nikaingia mdomoni mwa mfereji, maji kifuani, nikawapanda kiganja kwa kiganja. Mwili uliniwasha kama nimepakwa pilipili. Nikasimika kigingi chenye kitambaa chekundu, nikasimama kando yake.

Hotor akacheka. "Selorm, twende kazi."

Selorm, dereva wa katapila, alilelewa na mama mzamiaji kome. Akakitazama kigingi, akazima injini.

"Pana kigingi, bosi."

"Kijiti hicho! Kang'oe!"

"Kang'oe wewe. Mimi nina mama, nitarudi nyumbani na uso gani?"

Hotor akavua viatu, akakunja suruali kwa hasira. Akashuka mpaka ukingoni. Pale akasita, anatazama povu la kijani likigusa vidole vyake.

"Ingia basi," nikamwambia. "Si umesema ni safi?"

Akarudi nyuma, akafuta miguu kwenye majani, akaifuta tena. Nyuma yangu nikasikia mtu akiingia majini. Alikuwa Akorfa, na kigingi chake mkononi.