Risasi Iliyoingia kwa Ulaini

Haki ya Mungu, haya yote ni kweli, hayana chumvi hata ya kutosha yai moja. Anayebisha aje Mgololo aulize. Alikuwepo mstaafu mmoja wa kiwanda cha karatasi, jina lake Saulo, mtu wa mdomo. Kwa miaka mitatu aliwaambia wanakijiji kwamba ujanani aliangusha mbogo wawili kwa risasi moja: ilimpita wa kwanza ikamkuta wa pili anakunywa maji. Watu walicheka, ila walimwamini vya kutosha. Nguruwe pori walipomaliza mahindi ya bondeni na kijiji kikapata kibali cha bunduki moja, mkutano mzima ukamgeukia yeye. Nani mwingine wa kwenda kuikagua kabla haijanunuliwa?

Hivyo ndivyo Saulo alivyojikuta nje ya jiji la Mbeya, saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa shabaha, ameshika bunduki kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Muuzaji aliitwa Edmund, mkulima wa kahawa aliyeirithi bunduki hiyo kwa baba yake, vibali vyote vikiwa sawa. Mwenyekiti wa kijiji, Kalinga, alisimama nyuma, mikono mgongoni. Pembeni, kwenye meza ya mbao, alikaa Sekela, fundi wa silaha na msimamizi wa uwanja, akijaza daftari.

"Haya, mzee," Kalinga alisema. "Jembe hujaribiwa shambani. Piga moja tuone."

"Mwenyekiti, bunduki haiharakishwi. Inatongozwa."

"Itongoze basi, ila gari la kurudi linaondoka saa nane."

Edmund akatoa boksi. "Risasi hizi hapa, mpya. Bunduki ya thelathini, risasi za thelathini. Hakuna utata."

Saulo akachukua moja. Akavuta nyuma bolti, lile komeo la chuma, kama alivyomwona Edmund akifanya, akaiingiza risasi kwenye chemba, pale inapolala kabla ya kufyatuliwa. Ikaingia. Iliingia kwa ulaini mno, ikacheza, na akasikia ikigonga chuma kidogo, tik.

Mpaka hapo alikuwa anaogopa aibu. Sasa akaogopa kweli.

Miaka ishirini na nane alifunga beringi kwenye mashine za karatasi, na mikono yake ilijua jambo moja: kitu kinachoingia kwa kucheza hakipo nyumbani kwake. Beringi ya namna hiyo aliifunga mara moja tu, mwaka wa kwanza, kwa kuwa namba zilionekana kama zinafanana. Shafti ilipoanza kuzunguka, beringi ikapasuka na kipande kikapita karibu na sikio la mwenzake. Yule mwenzake alikaa chini, akagusa sikio lake, kisha akaligusa tena.

Saulo akasukuma bolti mbele. Ikafunga bila kulalamika, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Akaweka kitako begani. Jicho lake lilikuwa pale, juu kidogo tu ya chuma kile. Akiuliza, watajua kwamba hajui kitu. Asipouliza, alijiona kipofu, akishikwa mkono na mkewe, akipelekwa chooni, akiambiwa hapa kuna kizingiti, inua mguu.

"Vipi," Kalinga alisema, "mbogo wa pili bado hajafika mtoni?"

Edmund akacheka. Kidole cha Saulo kilikaa nje ya traiga, pale pa kufyatulia. Akateremsha mtutu, ukaelekea tuta la udongo.

"Mama," alimwita Sekela, sauti ikiwa nyembamba kama uzi. "Njoo uiangalie hii kabla sijakufa."

Sekela akaja bila haraka. Akafungua bolti, akatoa risasi, akasoma maandishi ya kwenye mtutu, kisha yale madogo ya kwenye kitako cha ganda. Akaenda mezani, akarudi na risasi nyingine, akazisimamisha mbili pamoja kwenye kiganja. Vichwa vyake vilikuwa vya unene mmoja. Ganda la Edmund lilikuwa fupi kwa upana wa kidole.

"Si zote thelathini?" Edmund aliuliza.

"Thelathini ni unene wa kichwa, kaka. Bunduki imeandikwa thelathini sufuri sita, boksi lako mia tatu na nane: unene uleule, ganda fupi. Kuingia si kuenea. Angevuta, ganda lingetanuka kutafuta ukuta ambao haupo, likapasuka, moto ukarudi huku." Akaonyesha kwa kalamu uso wa Saulo. "Na maandishi ya mtutu peke yake hayatoshi. Bunduki ya zamani hii, huenda mtu aliichonga chemba upya. Inapimwa kwanza, ndipo inapigwa, ndipo mnanunua."

Saulo akakaa kwenye nyasi. Edmund, aliyekuwa akitania muda wote, aliliweka boksi chini polepole kama trei ya mayai, akasogea mbali nalo.

Sekela alipima chemba kwa vipande vyake vya chuma, akakuta maandishi yanasema kweli. Akapiga yeye mwenyewe risasi tatu zinazostahili. Kila mlio Saulo alifumba macho, akayafumbua, akahesabu: moja, mbili, yapo.

Kijiji kikanunua bunduki. Kalinga akakiri hajawahi kuona mwindaji mwenye mikono yenye akili namna ile, na waliporudi Mgololo Saulo akazawadiwa beberu.

Nilipofika hapo, Lea, mke wangu, aliyekuwa anapepeta maharage huku nikimsomea, akausimamisha ungo.

"Zawadi? Baba Happy, beberu si alitoka zizini kwetu? Ilikuwa faini. Kalinga alikuuliza palepale uwanjani umewahi kupiga bunduki mara ngapi, ukasema hata mara moja. Na huyo Saulo ni nani? Wiki nzima ulikuwa unaamka unajipapasa macho."

"Nimebadilisha jina tu, mama."

"Na umemwapia Mungu."

Akamwita Kalinga, aliyekuwa anapita barabarani. Mwenyekiti akaja, akasoma karatasi zote akiwa amesimama, akanirudishia. Akataja faini nyingine: ndoo mbili za ulanzi, pombe yetu ya mianzi.

Nimelipa. Yeye na Lea wamekaa barazani wanakunywa, na kikombe bado hakijanifikia.