Aguti Alivyotafuna Ziwa

Apolot, mjukuu wangu anayesomea mawe chuoni, alirudi Adungosi na vipande vitatu vya udongo mweupe, vyepesi kama mandazi ya jana. Akanieleza, nikichagua maharagwe, kwamba ni sakafu ya ziwa lililokauka zamani sana huko Bonde la Ufa. Weupe wote ule ni diatomu, vijimea vya ziwani vyenye ganda la kioo, vidogo hata punje ya unga ni jitu mbele yavyo. Kipande cha tabaka la chini kina diatomu laini, cha juu zimeota miiba, na cha katikati ndicho kinachozionyesha zikigeuka, kizazi baada ya kizazi. Bila hicho hana utafiti. Mwalimu wake angepitia kwetu mchana huo kukiona, akielekea Malaba avuke kwenda Uganda.

Apolot akavipanga kwenye ungo dirishani, akaenda kuoga.

Sasa Aguti, mke wa mwanangu Okwi, alikuwa na mimba ya kuvishwa viatu na mtu. Mama yake alikuwa amemwahidi odowa ya soko la Busia, yale mawe ya udongo wanayotafuna wajawazito wetu. Akaja kunilalamikia, mdomo mweupe kama aliyebusu ukuta.

"Mama, odowa ya siku hizi wanatuibia. Haina hata harufu ya mvua."

Niliangalia ungo. Katikati palikuwa wazi.

Apolot alitoka bafuni, akaona, akakaa chini na taulo lake kichwani. Nilidhani analia, kumbe mabega yanatikisika kwa kicheko, machozi yakishuka hivyo hivyo.

"Aunti, umekula miaka elfu kumi."

"Na ndiyo maana imekauka hivyo," Aguti akasema, akashika tumbo, nasi sote tukaangua kicheko mpaka kuku wakatoka jikoni.

Lakini mwalimu alikuwa njiani. Basi nikamuuliza Aguti kuhusu fundo la leso yake. Mla odowa yeyote wa kwetu hufunga kipande kwenye pindo la leso, cha kutafuna kanisani mahubiri yakirefuka. Akafungua fundo polepole, kwa uchungu wa mtu anayenyang'anywa. Kilikuwemo, kina alama ya meno upande mmoja.

Apolot alikwangua upande usioumwa kwa sindano yangu, akatia vumbi chini ya hadubini aliyokuja nayo kutoka chuoni, akanisogeza nichungulie. Nikaona vifuniko vya vyungu vya kioo: vingine laini, vingine vyenye miiba, na vingine miiba ndiyo kwanza inachipuka, kama meno ya mtoto.

Mwalimu alipofika alichungulia, akachungulia tena, akampa Apolot mkono. Kisha akakigeuza kile kipande na kuuliza ni mnyama gani aliyekiuma.

Aguti alikuwa mlangoni, macho kwenye ungo.

"Na hicho cha juu," akauliza, "mnakihitaji chote?"