Mafuta Puani mwa Irene

Mwaka ule wa 2009, homa ya nguruwe ilipoingia London, Marcelina alisahau hata rozari yake. Binti yake Irene alikuwa na mimba ya miezi saba, na siku ya pili hiyo joto lilikuwa halishuki. Daktari alikataza wasiende kliniki, akasema atamtuma nesi nyumbani kwao Kenton.

Nesi alikuja amevaa barakoa, glavu na aproni ya plastiki. Aliitwa Vasanti, Mhindi mzaliwa wa Mwanza.

"Shikamoo mama. Mgonjwa yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Huku."

Irene alimtazama akiwa kitandani. "Nesi, umevaa kama umekuja kupulizia kunguni."

"Cheka tu. Sasa hivi utanitukana."

Akaingiza kijiti chenye pamba puani, mbali kabisa, akakizungusha. Irene akaubana mkono wa mama yake, machozi yakimtoka. Kijiti kikatiwa kwenye kichupa.

"Majibu kesho," Vasanti akasema. "Kirusi kikionekana, anaanza dawa papo hapo. Kisipoonekana, daktari atatafuta ugonjwa mwingine."

Hapo Marcelina akakumbuka mafuta. Alfajiri, Irene akiwa usingizini, alikuwa amechovya kidole kwenye mafuta ya maombi akampaka kwenye paji la uso, kifuani, na ndani ya matundu yote mawili ya pua, kwa kuwa ugonjwa wenyewe uliingilia huko. Je, kama mafuta yamekizuia kirusi kushika kwenye pamba? Irene angekosa dawa, na yule wa tumboni je? Lakini Irene alishamwonya asimpakepake vitu. Nesi alikuwa tayari anafunga begi.

"Ngoja, mwanangu. Nilimpaka mafuta. Humo humo puani."

"Mama!"

"Mafuta gani?" Vasanti akauliza.

"Ya zeituni. Yameombewa."

Vasanti akakiinua kichupa, akakitazama. "Sijui kama yameharibu. Ila kwa mjamzito mimi sibahatishi. Dada, penga kamasi vizuri. Tunarudia, na kooni pia."

"Hii ya pili ungeingiziwa wewe, mama," Irene akasema, akichukua kitambaa.

"Ningekubali," Marcelina akajibu, na hakuwa anatania.

Kesho yake saa nne asubuhi simu ikalia. Kirusi kimeonekana; Vasanti yuko njiani na dawa. Marcelina hakujua ashukuru au alie. Akaenda kufungua mlango, akasimama hapo hapo kumngoja.